Meli zilizozama Unguja: uanzie ipi, na ipi isubiri

Katika toleo lililopita tuligusia kwa mistari michache tu kwamba karibu na Mji Mkongwe wa Zanzibar kuna meli zilizolala chini ya bahari, na kwamba wapiga mbizi huzitembelea. Wasomaji wametuandikia wakitaka zaidi. Hapa tumejibu barua ambazo majibu yake yatawafaa wengi, ikiwemo ya mama aliyetaka kujua familia ifanye nini wakati mmoja wao yuko chini ya maji.

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Naomba mnitajie hizo meli kwa majina, zilizama vipi, na mtu aliyemaliza kozi ya kwanza ya kupiga mbizi mwezi uliopita aanzie wapi. (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Anzia Great Northern. Ilikuwa meli ya Waingereza ya kutandaza nyaya za telegrafu baharini, iliyoundwa mwaka 1870 na kuzama kwenye mwamba wa Fungu mkesha wa mwaka mpya, 31 Desemba 1902. Kina chake ni kama mita 12 tu, na cheti chako cha kwanza kinakuruhusu kufika mita 18, kwa hiyo unabaki na nafasi ya kutosha. Katika kina hicho jedwali la kupiga mbizi linatoa hadi dakika 147 bila kulazimika kusimama njiani wakati wa kupanda ili mwili utoe naitrojeni uliyoivuta. Maana yake ni kwamba kitakachokurudisha juu ni geji ya hewa, na hiyo unaiona kwa macho yako muda wote.

Usitegemee kukuta meli nzima yenye milingoti. Zaidi ya miaka mia moja ya mawimbi imeivunjavunja, na matumbawe yameota juu ya chuma. Namna nzuri ya kuitazama ni kupita mara ya kwanza ukielea mita mbili hivi juu yake, toka ncha moja hadi nyingine, ili upate umbo lake kichwani. Kisha rudi polepole ukichungulia mashimo na kivuli cha mabamba, maana humo ndimo wanamokaa mikunga na chewa wadogo. Chukua tochi hata kama ni mchana: rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kumezwa na maji, na bila mwanga wako mwenyewe kila kitu kitaonekana cha buluu na kijivu.

Kosa linalowapata wanaoanza hapo ni kubeba uzito kupita kiasi kwenye mkanda wa madini ya risasi unaovaliwa ili mtu azame. Miguu inashuka, mapezi yanapiga mchanga, na baada ya dakika mbili hakuna anayeona kitu. Jipime kabla ya kushuka: ukiwa juu ya maji, jaketi la kuelea halina hewa, umevuta pumzi ya kawaida na kuishikilia, maji yafike usawa wa macho. Ukizama moja kwa moja, punguza kilo moja na ujaribu tena. Kumbuka pia kwamba mtungi wa aluminiamu huwa mwepesi hewa ikipungua, basi jipime ukijua mwisho wa mbizi utakuwa mwepesi kwa kilo mbili hivi kuliko mwanzo.

Ya pili ni tishari la Jeshi la Majini la Uingereza, lililo kwenye kina cha mita 30 hivi. Hili ni la mwenye cheti cha pili. Sifa yake ni samaki: makundi makubwa ya kolekole hulizunguka, na papa wa miambani huonekana mara nyingine.

Ya tatu ni HMS Pegasus, manowari iliyoshushwa majini mwaka 1897. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 ilikuwa imetia nanga Zanzibar, mitambo yake ikifanyiwa matengenezo, haiwezi kusogea. Manowari ya Wajerumani Königsberg ikaja na kuipiga kutoka umbali ambao mizinga ya Pegasus haikuweza kuufikia. Walikufa watu 38. Königsberg yenyewe ilikimbilia delta ya mto Rufiji, na huko ndiko ilikomalizikia Julai 1915. Pegasus iko kwenye kina cha mita 40 hivi. Kwa mtu aliyetoka kozini mwezi uliopita hiyo si meli ya mwaka huu, na asikubali mtu yeyote amwambie vinginevyo.

SWALI: Mimi nina cheti cha pili. Nimeshapiga mbizi mara kadhaa kwenye meli ya Dania hapa kwetu, na siku zote tunaambiwa ukibakiwa na bar 50 (kipimo cha shinikizo la hewa) kwenye mtungi, panda juu. Sasa nataka kwenda Pegasus. Kuna tofauti gani kubwa? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ndugu yetu, cheti chako kinaishia mita 30. Kwa Pegasus unahitaji kozi ya kina kirefu, ambayo inakufikisha mita 40, na hapo ndipo mwisho wa upigaji mbizi wa burudani. Tena Dania ilizamishwa kwa makusudi mwaka 2002 baada ya kuandaliwa kwa ajili ya wapiga mbizi. Pegasus ilizama vitani, hakuna aliyeiandaa kwa ajili ya mgeni. Ila jambo tunalotaka ulielewe hasa ni hizo bar 50.

Akiba ya hewa si ya kwako peke yako. Siku itakayohitajika ni siku ambayo mwenzako ameishiwa na anapumua kutoka kwenye mtungi wako. Mtu mtulivu hutumia kama lita 20 za hewa kwa dakika akiwa juu ya maji. Aliyeshtuka hufika 30. Mkiwa wawili mmeshtuka, ni lita 60. Na kila mita 10 za maji huongeza shinikizo la bar 1 juu ya lile la hewa ya kawaida, kwa hiyo mita 40 ni bar 5, na zile lita 60 zinakuwa lita 300 kwa dakika.

Piga hesabu sasa. Mpeni tatizo dakika 1 huko chini, ya kupeana kifaa cha kupumulia na kuelewana: lita 300. Kupanda toka mita 40 hadi mita 5 kwa mwendo wa mita 9 kwa dakika ni kama dakika 4, na wastani wa shinikizo njiani ni bar 3.25: lita 780. Kusimama dakika 3 kwenye mita 5, ambapo shinikizo ni bar 1.5: lita 270. Kumalizia hadi juu, dakika 1: lita 75. Jumla ni lita 1,425. Gawanya kwa mtungi wa lita 12, unapata karibu bar 119. Sema 120. Na kama mtungi ni ule wa aluminiamu unaotumika sana vituoni, ambao ujazo wake ni lita 11 na kidogo, akiba inapanda hadi bar 130.

Kwa maneno mengine, kwenye Pegasus unaanza kupanda geji ikisoma 120, wakati rafiki yako aliyezoea Great Northern angekuwa ndiyo kwanza anaanza kufurahia. Ukishuka na bar 200, una bar 80 za kutumia, yaani lita 960. Kushuka kwa dakika 2 kunakula kama lita 120. Zinabaki 840, na huko chini wewe mtulivu unatumia lita 100 kwa dakika. Hewa inakuruhusu dakika 8. Jedwali ni kali zaidi: kwa mita 40 linatoa dakika 9 ambazo huhesabiwa tangu unapoanza kushuka, kwa hiyo ukifika chini umebakiwa na 7.

Rudia hesabu hiyo hiyo kwa lile tishari la mita 30 utapata akiba ya bar 90 na dakika 15 hivi za kutazama. Rudia kwa mita 12 utapata lita 588, ambazo ni bar 49. Kumbe bar 50 ni kipimo cha maji mafupi. Mwambaoni kote kinasemwa kama vile ni sheria ya kila kina, na hilo ni hatari.

Jingine ni ulevi wa naitrojeni. Kuanzia mita 30 hivi gesi hiyo huanza kuizubaisha akili: mtu anatazama geji na haelewi anachosoma, au anang'ang'ania jambo moja dogo na kusahau saa. Haina maumivu na mwenyewe hajui. Dawa yake ni kupanda mita chache, akili inarudi mara moja. Kubalianeni kabla ya kushuka kwamba kila dakika mbili mnaonyeshana geji kwa vidole. Anayechelewa kujibu, mnapanda naye.

Kuna wanaodhani naitroksi, ile hewa iliyoongezwa oksijeni, inatatua kila kitu. Mchanganyiko wa asilimia 32 unaotolewa na vituo vingi una mwisho wa mita 33. Ukishuka nao hadi mita 40 oksijeni yenyewe inaweza kukutia degedege, na degedege chini ya maji ni kifo. Kwa Pegasus kinachofaa ni asilimia 28, ambacho mwisho wake ni mita 40 kamili. Pima mtungi mwenyewe kwa mashine, andika tarakimu kwenye kibandiko, utie saini. Na hapo tunaingia kwenye barua inayofuata, kwa sababu meli hiyo hiyo haina kina kile kile kila siku.

SWALI: Assalaam alaykum. Tunapanga safari ya kundi. Tuende mwezi gani, na je, hali ya maji kujaa na kupwa ina umuhimu wowote kwa mtu anayekwenda chini kabisa? (Wasomaji, Tanga)

JIBU: Waalaykum salaam. Mwezi kwanza. Oktoba hadi mapema Machi ndio wakati bora wa upande wa Mji Mkongwe: bahari inatulia baina ya kusi na kaskazi, na maji huwa maangavu. Masika, toka mwishoni mwa Machi hadi Mei, huleta matope na siku za kukaa ndani. Wakati wa kusi, Juni hadi Septemba, upepo hupiga zaidi upande wa mashariki, kwa hiyo upande wa magharibi zilipo meli hizi huendeka siku nyingi. Ila maji hupoa hadi nyuzi 25 hivi mwezi Agosti, na vazi la milimita 3 linalotosha Februari halitoshi kwa mbizi mbili mfululizo. Chukua la milimita 5.

Ama kujaa na kupwa, umuhimu wake ni mkubwa kuliko wa mwezi, na wageni wengi hawaujui. Zanzibar tofauti ya maji wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, huweza kukaribia mita 4. Meli iliyo mita 38 maji yakipwa iko karibu mita 42 yakijaa. Umeshavuka mwisho wa cheti chako, umevuka mwisho wa naitroksi ya 28, na hujagusa kitu. Kwa hiyo muulizeni kiongozi kina cha siku ile na saa ile, si kile kilichoandikwa kwenye kipeperushi.

Bamvua pia huleta mkondo mkali. Maji yote hayo lazima yaingie au yatoke kwa muda wa saa sita na kidogo, na yakitoka hubeba mchanga na uchafu wa ufukweni. Katika maji mafu, siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo tu, mkondo ni mdogo na uwezo wa kuona ni mzuri. Anayefuata mwezi mwandamo ana kalenda tayari: bamvua huja siku za mwanzo wa mwezi na baada ya mwezi mpevu, yaani kama tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17, maji mafu huangukia karibu na tarehe 8 na 23. Kuna bahati njema hapa. Katika bamvua za Zanzibar maji hujaa takriban saa kumi, alfajiri na alasiri, na katika maji mafu kujaa huangukia takriban saa nne asubuhi, saa ile ile ambayo mashua za wapiga mbizi zimeshafika kazini. Pangeni safari ya Pegasus kwa maji mafu, mshuke maji yanapokaribia kusimama, na mthibitishe saa kwa jedwali la maji la bandari.

Njia ya kushuka ni kamba, iwe ya nanga au ya boya lililofungwa kwenye meli. Asiachie mtu. Anayeachia mita 10 ili apige picha huweza kujikuta amepelekwa, anashuka kwenye mchanga mtupu, anatumia hewa yake kutafuta meli. Na kila mmoja abebe boya la ishara la kujaza hewa, la rangi ya chungwa, pamoja na kamba ya mita 15 angalau. Ikiwa mmelazimika kupanda nje ya kamba, lirusheni juu mkiwa mita 5, nahodha awaone kabla hamjatokeza.

SWALI: Nasikia ile merikebu ya Sultani, Glasgow, ilizama hapo hapo mbele ya Forodhani. Inaonekana? (Msomaji, Bagamoyo)

JIBU: Haipo tena. Glasgow ilizamishwa tarehe 27 Agosti 1896 katika vita vile vifupi baina ya Uingereza na Sayyid Khalid bin Barghash, vilivyomalizika ndani ya saa moja. Bandarini maji ni mafupi, milingoti yake ikabaki imesimama juu ya maji kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1912 ilipovunjwavunjwa na kuondolewa. Anayetaka kushika historia ya aina hiyo kwa mkono akiwa nchi kavu, aende Fort Jesus, Mombasa: huko kuna mzinga wa Pegasus na mzinga wa Königsberg, maadui wawili kwenye uwanja mmoja.

SWALI: Naruhusiwa kuingia ndani ya hizo meli? Na je, nikikuta kitu kidogo, kibao au chupa, nikichukue kama ukumbusho? (Msomaji, Lindi)

JIBU: La pili kwanza: hapana. Mabaki haya ni urithi wa nchi, na chuma kilichotoka baharini baada ya miaka mia bila kutibiwa huoza na kubomoka sebuleni kwako. Pegasus ina heshima ya ziada, watu walifia mle. Tena ni manowari: kitu chochote chenye umbo la risasi ya mzinga usikiguse, usikigeuze, usimwite mwenzako aje kukigusa. Mwonyeshe kiongozi, muondoke.

Kuingia ndani ni suala jingine. Ukiwa nje, ukipata shida unapanda. Ukiwa ndani, juu yako kuna chuma, na njia ya kutokea ni ile uliyoingilia tu. Kinachoua watu humo mara nyingi ni vumbi: kutu na matope laini yamelala kwenye sakafu na dari, pezi moja likiyapiga, au hata mapovu yako yakigonga dari, maji yanageuka uji na mlango uliokuwa mita 3 nyuma yako hauonekani hata kwa tochi. Kwa hiyo anayeingia awe amesomea hasa upigaji mbizi wa ndani ya meli. Atafunga kamba nje ya mlango kabla ya kuingia na kuifunga tena mara tu baada ya kupita, ataivuta bila kulegea huku mkono ukiwa karibu nayo, atabeba tochi tatu, na atagawa hewa mafungu matatu: moja la kuingilia, moja la kutokea, moja la dharura. Kwenye kina cha mita 40, baada ya hesabu tuliyoiona, theluthi hiyo haipo. Basi Pegasus itazamwe kwa nje.

Hata kwa nje, vaa vazi la mikono mirefu. Chuma chenye kutu hukata, na ni vizuri chanjo ya pepopunda iwe haijapitwa na wakati. Nyuzi za wavuvi hunasa kwenye mabaki, beba kisu kidogo au mkasi pahali mikono yote miwili inapofika. Usiegemee kitu bila kukitazama: samaki-jiwe hufanana kabisa na kipande cha matumbawe. Akikuchoma, tumbukiza sehemu hiyo kwenye maji ya moto yasiyozidi nyuzi 45, dakika 30 hadi 90, huku ukipelekwa hospitali. Joto hupunguza maumivu kwa sababu sumu yake huharibiwa na joto. Mwenzako mzima ndiye apime maji kwa mkono wake. Aliyechomwa hana uwezo wa kuhukumu joto wakati ule.

SWALI: Nitapiga mbizi siku tatu Zanzibar, kisha nirudi nyumbani Arusha, na baada ya hapo rafiki zangu wanataka tupande Kilimanjaro. Nimeambiwa kuna masharti ya ndege. Nikipanda boti na basi nimeyakwepa? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Dada, boti haina neno, inakwenda usawa wa bahari. Basi ndilo la kufikiria. Naitrojeni iliyoyeyuka mwilini haijali umepanda kwa kutumia nini. Inajali shinikizo la hewa limepungua kiasi gani, na ikipungua haraka hutoka kwa mapovu kwenye viungo na mishipa. Ndani ya ndege ya abiria hewa huwa sawa na ya mahali palipo hadi mita 2,400 juu. Arusha yenyewe iko kama mita 1,400. Malango ya Kilimanjaro yako mita 1,600 na zaidi, ukingo wa Ngorongoro umezidi mita 2,200, na kilele cha Uhuru ni mita 5,895.

Mwongozo wa kawaida kabla ya kuruka ni saa 12 baada ya mbizi moja isiyo na kusimama kwa lazima, na saa 18 ukiwa umepiga mbizi kadhaa au siku kadhaa mfululizo, kama wewe. Tumia kipimo hicho hicho kwa safari ya barabara inayopanda. Ukitoka majini saa saba mchana, lala mjini, chukua boti ya saa moja asubuhi: hizo ni saa 18 kabla hujafika hata Dar es Salaam. Kwa mlima, subiri siku nzima au mbili zaidi. Bora kuliko yote ni kugeuza ratiba: mlima kwanza, bahari baadaye. Ukishuka toka mlimani hakuna mgogoro na maji, ila usingizi ulale na maji unywe ya kutosha kabla ya mbizi ya kwanza, maana wapandaji wengi hushuka wamekaukiwa.

SWALI: Sijui kuogelea lakini natamani sana. Na mtoto wangu ana miaka 11. (Baba, Kibaha)

JIBU: Mtoto anaweza kabla yako. Kozi huanza miaka 10, na wa miaka 10 na 11 mwisho wao ni mita 12 wakiwa na mzazi mwenye cheti au mwalimu. Wewe, ili upate cheti, utatakiwa kuogelea mita 200 bila kuhesabiwa muda na kuelea dakika 10 bila kushika kitu. Si masharti ya kumkomoa mtu. Wiki chache za bwawani na mwalimu mvumilivu hutosha kwa wengi. Usiingie baharini na mtungi kabla hujastarehe kutia uso majini; hofu hupandisha matumizi ya hewa, na umeona hapo juu hewa inavyokwisha.

Wakati ukijifunza, vaa jaketi la kuokolea, miwani ya maji na bomba la kupumulia, uelee juu ya Great Northern maji yakiwa yamepwa. Siku ya maji maangavu umbo lake huonekana.

Jazeni kwa ukweli fomu ya afya. Pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo, seli mundu, upasuaji wa kifua au wa sikio: yote yanahitaji daktari aseme ndiyo kwa maandishi. Mjamzito asipige mbizi kabisa.

SWALI: Mume wangu atakuwa majini asubuhi nzima. Mimi nina watoto wadogo na mama mkwe. Tufanye nini? (Mama, Morogoro)

JIBU: Karibuni. Kisiwa cha Changuu ndicho cha kwanza kwa watoto: mashua inatumia nusu saa au pungufu kutoka mjini, na kobe wakubwa wa asili ya Shelisheli, ambao wa kwanza waliletwa mwaka 1919, wanatembea mbele yenu. Gereza lililoko huko lilijengwa mwaka 1893 na halikuwahi kufunga wahalifu, likawa karantini. Msipande kwenye mashua isiyo na jaketi la kila mtoto kwa saizi yake. Jirani ni kisiwa cha Chapwani chenye makaburi ya mabaharia wa Kiingereza, wakiwemo wa Pegasus; mzee anayependa historia atapathamini, na mumeo akishazuru hapo ataitazama meli ile kwa jicho jingine.

Jozani, hifadhi ya taifa tangu 2004, ina njia tambarare ambazo mama mkwe ataziweza, na kima punju ambao hawapatikani kwa asili nje ya Zanzibar. Msiwalishe wala kuwakaribia. Nendeni asubuhi kabla ya joto. Kizimkazi kuna msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107, na pomboo baharini. Tunaomba jambo moja kuhusu pomboo: mkikuta mashua nyingi zinawakimbiza, mwambieni nahodha wenu asimame mbali azime injini. Wakitaka watakuja wenyewe.

Kisiwa cha Chumbe ni kizuri mno kwa matumbawe, na mnara wake wa taa ni wa 1904, ila nafasi ni chache, iwekwe mapema, na mumeo ajue kwamba mitungi hairuhusiwi huko. Ni miwani na bomba tu. Beit al-Ajaib ya 1883 ilibomoka sehemu mwezi Desemba 2020, kwa hiyo ulizieni kwanza kama ina njia ya kuingia. Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa hadi 1873, pana uzito kwa watoto wadogo, waachieni wakubwa.

SWALI: Masikio yananiuma kila nikifika mita 3. Nimeze dawa ya mafua? (Msomaji, Mtwara)

JIBU: Usimeze. Dawa ikikuishia ukiwa chini, hewa iliyoingia sikioni inakosa pa kutokea wakati wa kupanda, na hapo huna hiari ya kubaki chini. Ukiwa na mafua, siku hiyo ni ya nchi kavu.

Bila mafua, tatizo huwa ni kuchelewa. Mita 10 za kwanza shinikizo linaongezeka maradufu, kwa hiyo kazi kubwa iko hapo juu. Anza kabla hujashuka: bana pua, puliza taratibu hadi usikie masikio yote mawili yanafunguka. Rudia kila nusu mita, miguu chini na kichwa juu, mkono mmoja kwenye kamba. Ukisubiri maumivu umeshachelewa: panda mita moja, ujaribu tena, usipulize kwa nguvu. Likikataa mara ya tatu, mpe kiongozi ishara, urudi mashuani.

SWALI: Niulize nini kituoni kabla sijatoa hela? (Msomaji, Iringa)

JIBU: Uliza wanakwenda watu wangapi kwa kiongozi mmoja, kwa meli ya mita 30 na zaidi tusingependa wazidi wanne. Uliza akiba ya hewa wanayoiweka kwa kina hicho. Wakijibu bar 50 kwa Pegasus, waonyeshe hesabu ya juu na usikilize watakavyosema. Omba kuona mtungi wa oksijeni ya dharura ukiwa umeshapakiwa ndani ya mashua, si stoo, na uufungue wewe uone geji inasoma. Uliza chemba ya shinikizo, ya kumtibu aliyepatwa na mapovu ya naitrojeni mwilini, iliyo karibu iko wapi na mgonjwa atafikaje usiku. Mwisho, vuta pumzi mbili tatu kwenye mtungi wako: hewa nzuri haina harufu wala ladha. Ikinuka mafuta au moshi, kompresa, ile mashine ya kujazia mitungi, inavuta hewa chafu, na kwenye mita 30 sumu hiyo inakuwa mara nne. Dai mtungi mwingine, na huo nao uunuse.